Karanga za Marehemu Kabula

Mama Winnie, jirani wa ukuta mmoja pale Buswelu, anaapa kwamba aliona kwa macho yake. Anasema mtoto Kabula alisimama uani, jua la utosini, akafunika jicho moja kwa kiganja na kusema, "Nizimieni taa." Taa gani mchana kweupe? Kisha akatapika, akajilaza chini kashika kichwa, vilevile kama alivyokuwa akikishika marehemu bibi mzaa babu aliyemwachia jina.

"Huyo bibi amerudi," alisema Mama Winnie. "Na amerudi na njaa."

Basi mama mkwe wa Justa, bibi yake Kabula, hakungoja kuambiwa tena. Kila kichwa kilipomshika mtoto, alimwandalia marehemu alichokipenda: michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Aliyerithi jina ndiye aliyekula. Marehemu ana mdomo gani mwingine?

Justa, mama wa mtoto, alikuwa akiangalia. Aliona mwanawe akishakula, kesho yake mwanga unamchoma tena. Muuguzi wa zahanati akamwambia, "Huenda ni chakula, huenda sicho. Mwachishe karanga kwanza, tuone." Akamwachisha kimyakimya. Mtoto akacheza, akasahau hata kufunika jicho.

Leo Justa amerudi kutoka gulioni Kisesa, harufu ya karanga ikampokea mlangoni. Akapiga goti mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe umemnyima bibi yako chakula, we mwanamke!"

"Mama, mtoto akila hizo, kichwa kinaanza."

"Si ndiyo bibi anaingia kula! Ulitaka apite bila kubisha hodi?"

Justa akamkumbuka marehemu, karanga zimefungwa kwenye pindo la kanga siku zote, akitafuna, na kitambaa kimekazwa kwenye paji la uso. Ni yeye aliyerudi, au ni maumivu yake tu yaliyomfuata mtoto?

Kabula alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, viganja wazi, akitabasamu upande mmoja kama kikongwe.

"Mama, nakuomba," Justa alisema, goti bado chini. "Leo nile mimi badala yake. Kama ni njaa, bibi aje kwangu."

Mama mkwe aligeuza karanga kwa mwiko. Zikaalika, moja moja, kikaangoni.