Nyanya Zilizopoteza Majina

Vijiti sitini vilikuwa vimepangwa kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, vyeupe, safi, vikikauka kwa jua la saa nne. Kila kimoja kilikuwa kimesuguliwa kwa brashi na sabuni mpaka hakikubaki na hata kivuli cha wino wa jina la mche wake. Rula alisimama mlangoni, mfuko wa sokoni ukimning'inia mkononi, akavitazama kama mtu aliyekabidhiwa bahasha asiyotaka kuifungua.

"Vilikuwa vimejaa matope," wifi yake alisema, akiwa amekaa karibu na karo, mguu uliovunjika ameunyoosha juu ya stuli. "Nikaona nisikae bure. Na yale makopo ya miche nimeyasogeza kivulini. Jua lilikuwa linayachoma."

Alikuwa ameyasogeza mawili mawili ndani ya beseni, mkono mmoja beseni, mkono mwingine gongo, asubuhi nzima. Alilieleza hilo kwa fahari kidogo, na Rula, ambaye alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga tena.

Jina la Rula alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alichora ramani za viwanja katika ofisi ya upimaji, na wenzake walikuwa wakisema kwamba hata chafya yake hupita katika mstari ulionyooka. Alipostaafu, unyoofu ule aliuhamishia kwenye bustani nyuma ya nyumba. Alikuwa na matuta saba na aina kumi na mbili za nyanya: ndefu za mchuzi, za njano zenye ngozi laini kama ya shavu, ndogo zinazozaa vichala kama zabibu, za rangi ya zambarau iliyokolea, zenye mistari, nene zenye umbo la moyo, na nyingine ambazo kuzieleza kulimchukua muda kuliko kuzipanda. Mbegu alizitoa mwenyewe. Alichagua tunda lililo bora katika kila aina, akaloweka mbegu zake kwenye glasi siku tatu mpaka ule utelezi uachane nazo, akazianika kwenye sahani, akazitia katika bahasha. Aina mbili au tatu alikuwa hajawahi kuziona kwa mtu mwingine yeyote.

Sasa miche ilikuwa na urefu wa kidole, na mche wa nyanya wa urefu huo haumwambii mtu chochote. Sitini ile ilifanana kama mapacha. Wangeweza kujua nani ni nani baada ya miezi mitatu, au wasijue kabisa.

Rula hakugomba. Kugomba hakukuwa desturi yake, yeye alinyamaza. Na hakuna mtu duniani aliyeujua unyamavu wake kuliko mama huyu aliyekaa karibu na karo. Alikuwa mke wa kaka yake. Kaka alipougua, miaka kumi na mmoja nyuma, Rula aliambiwa ni homa ya kawaida, kisha kwamba anaendelea vizuri, kisha akaitwa. Alifika akiwa amechelewa kwa siku moja, kaka ameshafariki. Alilia alivyolia, akazika, akarudi nyumbani kwake, na tangu hapo salamu baina yao zilipitia kwa watu. Mpwa wake ndiye aliyemlainisha. Mama ameteleza bafuni, alisema, nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, nami nafundisha shule ya bweni, shangazi, nitamwacha na nani? Mtoto wa kaka huwezi kumnyima. Ndivyo wifi alivyoletwa na begi moja na magongo mawili.

Jioni ile Rula alifikiria kuitupa miche yote na kuanza upya. Lakini bahasha zilikuwa zimebaki na mbegu chache, na msimu haukuwa tayari kumngojea. Kesho yake alikunja ramani aliyokuwa ameichora ya matuta, akaiweka juu ya kabati, akapanda kopo lolote lililomjia mkononi. Ilimuuma. Alijihisi kama anayegawa viwanja vya watu akiwa amefumba macho.

Wifi alitolewa kiti nje ili apate hewa, na hewa pekee haikumtosha. Alikuwa amepika miaka thelathini katika jiko la shule, sufuria za kulisha watoto mia sita, na mikono yake haikujua kupumzika mapajani. Aliuliza kila kamba inafungwa hivi kwa nini. Rula akajikuta anamweleza: shina lifungwe kwa kulegeza, maana litanenepa, yale machipukizi yanayoota kwenye kwapa la tawi yavunjwe yakiwa madogo, la sivyo mmea utaota majani na kusahau kuzaa. Baada ya wiki tatu wifi alikuwa anayavunja kwa kasi kumshinda mwenye bustani, akihamisha kiti chake tuta kwa tuta, akiiambia miche kwamba wavivu hawali kwake.

Rula alicheka. Alijisikia akicheka, akashangaa.

Siku moja, asubuhi yenye mawingu, walikuwa wanafunga tuta la nne, mmoja upande huu wa majani, mwingine upande ule, wakionana vipande vipande. Labda kwa sababu hawakuonana vizuri, Rula aliweza kuuliza.

"Wifi, kwa nini hukuniita mapema?"

Kamba upande wa pili ilisimama.

"Alinikataza."

"Nani?"

"Kaka yako. Alisema ukija wewe, atajua kwamba anakufa." Wifi aliivuta tena kamba. "Alisema, dada yangu hafungi safari kwa jambo dogo. Nikamtii. Kila asubuhi nilimwomba aniruhusu, na kila asubuhi alinambia ngoja kesho. Sijui kama nilifanya vyema, wifi. Sijui mpaka leo."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia lini? Ulikuja umefunga uso, ukaondoka umefunga uso. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume."

Rula aliangalia kamba mkononi mwake. Miaka yote ile alijiona yeye ndiye aliyefungiwa mlango. Hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu amesimama mlangoni kwa kutumwa, akiomba kuufungua kila asubuhi. Alifunga fundo, akalifungua kwa kuwa lilikuwa limekaza mno, akalifunga tena. Kisha akaenda bombani akanawa uso, akanawa tena, akarudi na birika la chai na vikombe viwili. Hakuna aliyesema kitu mpaka chai ilipokwisha, na unyamavu huo haukufanana na ule mwingine.

Nyanya zilipoiva, ziliiva kwa vurugu. Za njano zilijitokeza katikati ya ndefu, zambarau ikachungulia mahali Rula alipotarajia zile ndogo. Nyingi alizitambua kwa macho. Nyingine zilimtatiza, akaona aitoe ramani yake aanze kuandika upya, lakini wifi alikuwa ameshachukua kisu na chumvi.

Mpishi huyo hakujali umbo. Alikata, akatafuna, akafumba macho, akatoa hukumu. Nyanya moja kubwa, nyekundu, yenye kupendeza, aliitema na kuiita Bwana Harusi: sura tupu. Nyingine ngumu ya ngozi, laini ndani, akaiita Mwalimu Mkuu. Ya tatu ilikuwa chachu mwanzoni, kisha utamu ukaja polepole na kukaa ulimini.

"Hii ni Wifi," alisema.

"Wewe au mimi?" Rula aliuliza.

"Onja kwanza."

Aliionja. Hawakuafikiana, wakala tatu nyingine kutafuta jibu, maji yakiwachuruzika mpaka viwiko. Jioni Rula aliandika Bwana Harusi na Mwalimu Mkuu kwenye bahasha za mbegu, kwa mwandiko wake ulionyooka, na hakuona aibu yoyote.

Daktari alisema mguu umepona. Mpwa akaja Jumamosi na gari la kuazima, akalisimamisha mbele ya nyumba, akaingia akimtafuta mama yake chumbani. Begi lilikuwa tupu juu ya kitanda. Alimkuta bustanini, kwenye tuta la mwisho, bila gongo, ameinama, anageuza nyanya zenye mistari moja moja kuangalia chini yake.

"Mama, hujafungasha?"

"Hizi bado," mama alisema, bila kuinua kichwa. "Zimechelewa kuliko zote. Huwezi kuacha kitu kikiwa hivi."

"Bado siku ngapi?"

Mama aligeuza nyanya nyingine. Mpwa akamgeukia shangazi yake, macho yakiomba msaada wa mtu anayejulikana kwa kupenda kila kitu kiende kwa tarehe. Rula aliinama karibu na wifi yake, akaibonyeza nyanya moja kwa kidole gumba, taratibu, akafikiri.

"Za mistari hazitabiriki," alisema.

Kisha akaingia ndani kumtafutia mpwa wake kiti.