Gari Lililomsubiri Mgeni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Agosti, saa tatu asubuhi. Saturnino Colque aliingia ndani kutoka kwenye zizi la llama, wale ngamia wadogo wa milimani, akamkuta mkewe, Eulalia, ameketi chini na mgongo ukutani, mikono miwili tumboni kama mtu anayezuia gunia lisimwagike.

"Ni lile la jana?" aliuliza.

"La jana lilikuja kusalimia tu," alisema Eulalia. "Hili limekuja na godoro lake."

Saturnino hakucheka. Alitoka mbio kama alivyo, na ndala zake za tairi, mpaka uani pa shule ya Qalapata, kwa maana hapo ndipo lilipoegeshwa gari jipya la wagonjwa. Lilikuwa na siku tano pale, jeupe, viti vingali ndani ya nailoni, utepe mwekundu umezungushwa mlangoni. Lilinunuliwa kwa ruzuku. Ruzuku ni fedha za watu wa ng'ambo ambazo hazirudishwi, ila zina masharti kuliko mkopo wa tajiri. Aliyelilinda, ufunguo mfukoni, alikuwa Hilarión Tarqui, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, naye alikuwa kaka yake Eulalia, tumbo moja, ziwa moja.

"Shemeji, lete ufunguo. Dada yako anakufa."

Hilarión alihamisha majani ya koka aliyokuwa akitafuna kutoka shavu moja kwenda la pili. "Anakufa au anaumwa?"

"Njoo umuulize mwenyewe."

"Shemeji, nisikilize. Ovando kasema gari lisisogee hata hatua moja." Ovando ndiye ofisa wa miradi wa halmashauri, kijana wa mjini mwenye viatu visivyojua vumbi. "Mama mfadhili anakuja Ijumaa. Atazipiga picha namba za kilomita. Zikionyesha zaidi ya safari ya kulileta huku, watasema limetumika kabla ya kukabidhiwa. Na awamu ya pili, ya kumlipa muuguzi, tuiage."

"Ni dada yako, Hilarión!"

"Najua ni dada yangu! Na Jumamosi mkutanoni nani alisimama? Nani alisema Agosti ardhi imefungua kinywa kwa njaa, na gari lisilo na mama wa ubatizo litakula watu? Mimi?"

Ni Saturnino aliyesimama. Pale Qalapata kitu kipya hakitumiki kabla ya kupata mzazi wake wa ubatizo, atakayekimwagia bia na kuitilia ardhi fungu lake. Na Jumamosi ile watu walipogawanyika, wengine wakitaka gari lianze kazi, katibu wa afya wa kamati ndiye aliyewakata maneno. Katibu wa afya alikuwa Saturnino. Alinyanyua mkono wa kwanza, na mikono mingine ikafuata.

Hilarión alitoka naye. Alipomwona dada yake uso umekuwa rangi ya majivu, alisema, "Ngoja nimpigie Ovando." Akapanda kilimani kutafuta mtandao. Ovando alikuwa kwenye semina. Alipopokea simu, saa tano ilikwisha pita, na jibu lake lilikuwa kwamba yeye hana mamlaka, amuulize mkubwa wake, na mkubwa wake naye yuko semina hiyohiyo.

Saa sita likapita lori la kununua viazi vilivyokaushwa kwa baridi. Wakampandisha Eulalia juu ya magunia. Mjini ni mwendo wa saa tatu za kokoto. Kwenye kivuko cha mto wa chumvi aliushika mkono wa mumewe akasema, "Mwambie dereva apunguze, ananivunja mifupa," na dereva alipopunguza, Eulalia hakuwa na haja tena. Daktari mjini alisema ni kidole tumbo, kilipasuka. Alisema pia, kwa upole, kwamba wangewahi kwa saa mbili tu, angepona. Saturnino hakumwomba aseme hivyo.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa Qalapata alikuja Ijumaa, na mwenyeji alikuwa udongoni tangu Alhamisi. Saturnino alikuwa makaburini akipanga mawe aliposikia tarumbeta. Aliwaona kwa mbali wakimvika yule mama mfadhili shada la maua na kummwagia karatasi za rangi kichwani. Akamwona akifanywa mama wa ubatizo, povu la bia likiruka magurudumuni. Akasikia makofi. Gari likapewa jina: Tumaini.

Ovando alirudi mwezi wa Novemba na bahasha. Akawakusanya wanakamati ndani ya darasa, akatoa karatasi, akamsogezea Saturnino kalamu.

"Mzee wangu, hapa. Saini ya katibu wa afya tu. Hii ndiyo taarifa ya mwisho. Ikifika, awamu ya pili inafunguka, Februari mna muuguzi wenu."

Saturnino alisoma mpaka darasa la tatu. Husoma kama anayevuka mto, jiwe kwa jiwe. Watu wakangoja.

"Hapa mmeandika nini?" aliuliza, kidole juu ya mstari.

"Kwamba gari lilianza kuhudumia wananchi tarehe mosi Agosti."

"Lilifika tarehe nne."

"Mzee, muda wa ruzuku ulikwisha tarehe tano. Jambo lolote la baada ya hapo kwao halipo. Mama yule alitaka picha, wahasibu wake wanataka tarehe, ndivyo karatasi zao zilivyo. Sikuzitunga mimi."

"Nyinyi hamtungi kitu kamwe. Hata kufa kwa watu huwa hamtungi."

"Shemeji," alisema Hilarión kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako."

"Na mkono wako ulikuwa hewani," Hilarión akajibu, macho yamejaa. Darasa zima likatazama sakafu.

Bintiye Saturnino, Remedios, alikuwa mlangoni, ameegemea kizingiti kwa uzito wa miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilimtoka. Ndiye aliyezungumza.

"Baba, saini."

"Unajua ninachosaini? Ninasaini kwamba mama yako alikuwa na gari."

"Najua. Mama hatarudi kwa karatasi. Mimi nitajifungua Januari, na mkunga wetu haoni vizuri, jana kamsalimia punda. Pengine muuguzi hatawahi kwangu. Atawahi kwa mwingine. Saini, baba, nakuomba."

"Sikiliza mwenye akili," alisema Ovando, akijaribu kucheka. "Ni mstari mmoja tu, mzee."

Saturnino alishika kalamu. Aliinamia karatasi muda mrefu kuliko jina lake linavyohitaji, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule. Ovando aliangalia saa. Alipomaliza, Saturnino aliirudisha karatasi bila kumtazama mtu.

Jina lilikuwepo, kamili, mahali pake. Lakini juu ya jina, pembezoni mwa mstari wa tarehe mosi, kulikuwa na maneno mengine, makubwa na yaliyopinda.

"Mzee, umeiharibu!" Ovando alisimama. "Hii ndiyo nakala yenye mihuri yote! Kuipata tena ni mwezi mzima, na mwisho wa kupeleka ni kesho!"

"Umetaka saini, nimekupa."

"Na haya?"

"Hayo ni ya yule mama. Alikubali kuwa mama wa gari. Mzazi huulizwa habari za mwanawe."

Ovando aliigeuzageuza karatasi kana kwamba upande wa pili ungekuwa na dawa. Kisha akaitia kwenye bahasha, kwa kuwa hakuwa na nyingine, akaondoka.

Januari imeingia. Kuhusu muuguzi wa Februari hakuna aliyeandika kwamba anakuja, wala kwamba haji. Remedios hulala kwa ubavu, na kila asubuhi Saturnino hupita uani pa shule kuhakikisha gari lina mafuta. Ufunguo sasa anao yeye, Hilarión aliuweka mezani kwake. Usiku haumsumbui kama asubuhi, ile saa tatu, anapotoka zizini na kusimama mlangoni kabla ya kuingia. Hapo maneno aliyoandika humrudia, na hajui tena kama aliwaandikia wao peke yao:

Kama lilianza kazi tarehe mosi, tarehe tisa lilikuwa wapi?