Isale la Jino la Margareta

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu, lile linaloonekana kwanza mtu akicheka, na Margareta wa Kibosho alikuwa mtu wa kucheka. Miezi minne tu baada ya kuzibwa mzizi, mdomo ukamvimba, usaha ukamtoka kwenye ufizi. Akateremka Moshi kwa Remigius, yule yule aliyemziba, kijana wa kijijini kwao aliyefungua kliniki ya meno mwaka tisini na tano, serikali ilipokuwa imeruhusu za watu binafsi.

"Umetafuna mahindi ya kuchoma wewe," Remigius akamwambia, hata kinywa hajakitazama vizuri. "Ling'olewe tu."

Mahindi! Mtu ametafunia upande mmoja miezi minne, ndizi anazichemsha hadi zinapondeka kama za mtoto mchanga, halafu anaambiwa mahindi! Hasira zikampanda. Akaenda kwa daktari mwingine, Evelyn, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akapigwa picha ya eksirei.

"Ona," Evelyn akasema, akiiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. "Huu mstari mweupe ni mpira aliokuzibia. Kaweka kijiti chake kimoja chembamba, kakizungushia dawa nyepesi, basi. Ilitakiwa aongeze vingine ubavuni, akishindilia mpaka nafasi iishe. Huu weusi pembeni ni uwazi. Vijidudu vimepita hapo na mate mpaka kwenye mfupa."

"Kwa hiyo si mahindi?"

"Mahindi yanahusikaje? Nitaufungua mzizi niuzibe upya. Jino hili litapona."

Margareta akataka kitu kimoja tu kwa Remigius: akiri kwa kinywa chake kwamba aliziba vibaya, na aache kuwaziba watu hivyo. Akampelekea picha. Remigius akaitupia jicho, akamfungia mlango usoni.

Jumapili baada ya misa akaja mzee Primus, baba mdogo wa Remigius, na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, na jani la isale lililofungwa fundo. Loo! Uchaggani isale la kuomba msamaha halikataliwi. Anayelikataa ndiye anayegeuka mkosaji. Remigius alilijua hilo vizuri sana, mjanja yule. Neno moja lilimshinda kusema, akatuma jani.

"Shikamoo baba. Anaomba msamaha wa kosa gani?"

"Marahaba, mwanangu. Wa lolote lile," mzee akajibu, macho chini. "Yaishe."

Margareta hakuridhika, lakini akalipokea kwa mikono miwili. Akasamehe, na akasamehe kweli.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya Remigius, katikati ya wagonjwa sita, picha mkononi. "Mama, hebu ona huu weusi," akamwambia wa karibu, akaanza kumweleza kijiti kimoja, uwazi, usaha. Wengine wakasogea.

Remigius akatoka mbio, koti jeupe halijafungwa vifungo. "Dada Margareta! Si ulipokea isale?"

"Nimepokea, mdogo wangu, na la jino langu nimekusamehe kabisa. Hawa je? Isale lao umewapelekea lini?"

Yule mama wa karibu akasimama.

"Daktari, mimi uliniziba mwezi uliopita," akasema. "Naomba picha yangu."