Matanga ya Shangazi Philomena

Kila asubuhi Mama Abigael, akiwa kwake mtaa wa Malvern, humflashi rafiki yake Shangazi Philomena kwa simu ya nyumbani. Mlio mmoja, anakata. Shangazi naye anamrudishia mmoja, anakata. Hakuna anayeinua simu kuzungumza. Maana yake ni kwamba mimi nimeamka, na wewe umeamka, basi tunywe chai. Wajane hao walikuwa wakifanya hivyo hata kabla sijaletwa Toronto kumtunza Shangazi.

Mwaka huu kampuni ya simu iliondoa nyaya za zamani katika jumba letu la Crescent Town. Sasa simu inapitia kisanduku cha intaneti kinachochomekwa kwenye stima. Nahashon, mwana wa pekee wa Shangazi, alikileta mwenyewe akakiweka nyuma ya kochi.

"Mama, hii ikikushinda, nitajua kukaa peke yenu kumekushinda. Utahamia kwa nyumba ya wazee."

"Inishinde mimi?" Shangazi akacheka. Jumapili kanisani akamtania Mama Abigael: "Wewe baki na simu yako ya kamba. Wenzako tumeingia dijitali!"

Juzi jioni radi ikapiga. Sisi ni watu wa Kisii, na Kisii radi haichezewi. Shangazi akafunika kioo kwa leso, akachomoa friji, televisheni, chaja ya simu yangu, kila kitu. Simu ya zamani haikuwa na cha kuchomoa. Hata stima ikipotea ililia tu. Kisanduku hiki akakichomoa pamoja na vingine. Asubuhi tukarudisha friji na televisheni. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na nyuma ya kochi hakuna aliyekumbuka.

Shangazi akangoja mlio wake. Haukuja.

"Amelala huyo, mvivu," akasema, lakini chai ilipoa mkononi mwake. Kupiga kwanza ni zamu ya mwenzake, na Shangazi si mtu wa kuvunja zamu. Saa tano ikafika, akasema ataoga kwanza.

Kumbe huko Malvern Mama Abigael alikuwa ameflashi, akaflashi tena, mwisho akaacha simu ilie mpaka ikachoka. Hakujibiwa. Akampigia Mzee Kangethe wa kanisa.

Karibu na adhuhuri nikasikia wimbo kwenye korido. Wimbo wa msiba. Nikafungua mlango. Mzee Kangethe alikuwa mbele na Biblia, nyuma yake akina mama na thamosi za chai na sufuria ya mandazi, msimamizi wa jumba na funguo zake, na Nahashon, tai shingoni, macho mekundu. Mama Abigael aliegemea ukuta. Viatu alivyovaa havikufanana.

Shangazi alitokea nyuma yangu na leso ya kuogea, kichwa wazi, kipande cha mkate mdomoni.

"Philomena!" Mama Abigael akapiga kelele. "Kumbe unakula!"

Wimbo ukafia hapo. Mtu akacheka, wengine wakafuata, wakaingia wote.

"Simu yako ina nini, dada?" Mzee Kangethe akauliza.

"Imeharibika," Shangazi akajibu upesi. "Kampuni yenyewe ovyo."

Nahashon alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya kochi. Akainuka na plagi mkononi. "Mama, nani alichomoa hii?"

Nikamtazama Shangazi. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyekojoa kitandani, na wageni wako mlangoni.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nafagia."

"Si mnaona?" Nahashon akawaambia watu. "Ndiyo shida ya kuleta mtu aliyekomea darasa la nane. Unamwonyesha, unamwonyesha, wapi!"

Akina mama wakacheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wamelia njia nzima. Masikio yalinichoma. Nikatazama zulia nikingoja Shangazi aseme.

Akakaza leso yake. "Ni mtoto," akasema. "Msamehe."

Basi Mzee Kangethe akaomba, tukashukuru uhai, thamosi zikafunguliwa. Kwetu mzee wa kanisa huandaliwa kwanza, kisha wageni, kisha wenye nyumba. Mimi hunywa mwisho, jikoni. Shangazi akachukua thamosi mikononi mwa mama aliyeileta, akamimina kikombe. Mzee Kangethe alikuwa ameshanyoosha mkono. Shangazi akampita. Akampita Nahashon. Akaja mpaka kwenye mlango wa jikoni nilipokuwa nimesimama, akanipa kwa mikono miwili.

Mama Abigael alimtazama rafiki yake, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

"Kunywa, mama," Shangazi akaniambia, kwa sauti ndogo.

Nikanywa. Sikujua nitazame wapi, na yeye pia hakujua.