Kokoto Kwenye Maharagwe

Haya ni kweli tupu. Kama kuna neno nimeliongeza, basi Mwamba wa Tororo ung'oke leo, uteremke mpaka Busia, upange foleni ya forodha nyuma ya malori.

Kwenye ghala la chakula la kanisa letu, hapa Kisoko, hakuna anayelipwa. Watu wanaleta walichovuna, wafanyabiashara wa Busia wanatuma magunia, sisi tunapepeta na kuchambua, na Ijumaa wenye njaa wanakuja na vikapu. Desturi ya pale ni kwamba mgeni hapewi ungo kabla hajasema mbele ya wenzake kilichomleta. Goretti, msimamizi wetu, alisema ghala ndilo lililomlisha mwaka ule shimo la dhahabu la Tiira lilipomfukia mumewe. Proscovia alisema magoti yake yamekataa jembe lakini vidole bado vinadai kazi. Zamu yangu ilipofika nikasema kweli: zamani, nikiwa mlinzi wa maghala Busia, rundo la mahindi liliniangukia, nikayala nikijitobolea njia mpaka nikatokea upande wa Kenya, bila pasipoti. Tangu hapo siwezi kukaa nyumbani nikisikia nafaka ina taabu.

"Na polisi wa Kenya hawakukushika?" Proscovia akauliza.

"Walidhani mimi ni gunia, mama."

Wakacheka, nikapewa ungo.

Sasa, nyumbani kwangu. Tangu nimzike Benedeta, mke wangu, nyumba ile imeota tabia mbaya: ukikohoa, inakujibu. Watoto wako Kampala na Nairobi. Wakipiga simu nasikia honi zaidi kuliko ninavyowasikia wao. Na ugali wa mtu mmoja, nawaambia, haupikiki. Ukiwa mdogo unaungua, ukiwa mkubwa unalala nao. Lakini siku za kuchambua tulikuwa tunakaa watu sita kwenye mkeka mmoja, maharagwe mbele, maneno katikati, na jioni inafika hujaiona ikija.

Kisha Goretti akaleta habari. Kumepatikana mfanyabiashara mpya, maharagwe yake yanakuja safi.

"Sasa watu wawili tunatosha," akasema. "Mimi na mama Proscovia. Nyinyi wengine mmefanya kazi sana. Mzee Obore, nenda upumzike."

Mtu mwenye nyumba kama yangu ukimwambia apumzike, ni kama umemfungia humo na ufunguo ukauondoa.

Hapa mtu wa imani haba ataanza kunitazama vibaya. Juma lililofuata, yale maharagwe safi yalikuwa na mawe. Si mengi, ukichota kiganja unapata moja, mawili. Goretti akasikitika, akatuita tuliopumzishwa, tukawa sita tena mkekani. Nikawaeleza kwamba haya ni maharagwe yaliyopandwa Tiira: mizizi ikigusa dhahabu, mbegu inapata kiburi, inaanza kujigeuza jiwe. Wakacheka mpaka Proscovia akafuta macho kwa pindo la gauni lake la gomesi. Ilikuwa miezi mizuri.

Ijumaa moja akaja Ochwo, mzee anayeishi peke yake ng'ambo ya kinamasi. Hakuwa na kikapu. Alikuwa na kifuko cha jani la mgomba, akakifungua mbele yetu: jino, na kijiwe.

"Nani alichambua maharagwe yangu?"

Kila mtu akainamia ungo wake.

"Nilikuwa nayo manne," akasema. "Mawili juu, mawili chini, yalikuwa yanakutana vizuri. Sasa la juu linamtafuta mwenzake."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hiyo ni dhahabu changa ya Tiira. Itunze, itakomaa."

Proscovia alikichukua kile kijiwe, akakisugua kwenye nguo, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa cheupe, chenye mshipa wa kijani.

"Hii ni kokoto ya terazo," akasema polepole. "Niliibeba kwa karai, kichwani, siku tulipojengea kaburi la Benedeta. Zilizobaki ziko nyuma ya jiko lako, mzee Obore."

"Dunia hii ina terazo nyingi, mama."

"Kisoko ina kaburi moja la terazo."

Nilingoja mmoja wao acheke. Hata mmoja angetosha.

"Kwa nini?" Goretti akauliza.

Mimi ni mtu ambaye hadithi hazijawahi kunikauka. Siku ile nilitafuta moja, hata ya mamba, haikuja.

"Mlisema nipumzike," nikasema.

Goretti akalichukua jino lile, akaliweka kiganjani. "Nilikula hapa mtoto akiwa mgongoni," akasema. "Ningetafuna jiwe, ningejua mnanicheka. Weka ungo chini. Muulize mzee Ochwo anataka nini. Akiridhika, utarudi. Asiporidhika, usirudi."

Ochwo alikuwa tayari amefikiri. "Atakuja kwangu kila jioni mpaka fizi ipone. Maharagwe atapika yeye, kuni zake. Ataponda mpaka yawe uji. Na ataonja kwanza, kila kijiko, pande zote mbili za mdomo, mimi nikiangalia."

Ndiyo sababu mnaniona jioni navuka kinamasi na mzigo wa kuni kichwani kama bibi harusi aliyekosea njia. Siku ya kwanza nilijaribu kumpa hadithi ya mahindi ya Busia, ile ya gunia.

"Tafuna," akasema.

Nikatafuna. Aliangalia taya langu, kushoto, kulia, kisha akachota chake. Kijiko mimi, kijiko yeye, bila neno, mpaka sahani ikaisha. Nilipoinuka akasema kesho niongeze chumvi.

Fizi ya jino moja inachukua muda gani kupona? Juzi nilipita sokoni, nikamwona kwa mbali amekaa juu ya gogo, anang'ata hindi la kuchoma, na linakwisha. Nikapitia upande wa pili asinione. Goretti nilimkuta njiani, akaniuliza kama mzee ameridhika, maana magunia yamekuja na mkeka una nafasi.

"Bado," nikamwambia.

Jioni nikavuka. Ochwo alikuwa amekaa mlangoni, kiganja shavuni.

"Bado inauma," akasema.

"Naona," nikasema, nikakaa chini, nikaanza kuponda.