Mwiko wa Verlene

Tangu kulipopambazuka Verlene alikuwa amesimama mbele ya jungu la karamu ya kanisa ya kila mwaka, mwiko mrefu kama kasia mikononi, akikoroga ule mchuzi wa kuku, mahindi na maharage uliouletea sifa mji wao mdogo, huko Virginia, Marekani. Jungu lile haliachwi. Ukipumzika tu, mchuzi unaungulia chini, na aibu ni ya kanisa zima. Mumewe alikoroga mpaka alipofariki. Tangu hapo mwiko ukawa wa Verlene, wala hakuna aliyemuuliza kama anautaka.

Bega lilimuuma, jamani, lilimuuma. Na uchovu wenyewe haukuwa wa leo.

"Shemeji, nishikie kidogo," alimwambia Thurman, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akijipitishapitisha na aproni nyeupe isiyo na hata doa.

"Mimi? Mkono wako ndio utamu wenyewe! Nikishika mimi, watu watakimbia."

"Wakimbie. Kidole kimoja hakivunji chawa, Thurman. Nilisema mwaka jana, nikasema Jumapili: safari hii ndiyo ya mwisho wangu."

"Kila mwaka ni wa mwisho!" Thurman akacheka, na wanakwaya waliokuwa wakipanga mabakuli wakacheka naye. "Wewe utatuzika wote, mwiko mkononi."

Haya basi. Sifa hazikorogi jungu. Verlene akauegemeza mwiko ukingoni, akavuta kiti, akakaa kivulini. Alichotaka ni mtu mmoja tu, yeyote yule, aushike. Wakapita. Mmoja akamletea chai ya barafu, akaenda zake. Thurman alikuwa anapiga picha na wageni. Harufu ikaanza kubadilika. Verlene aliijua kabla ya wote, miguu ikataka kuinuka yenyewe, akaikataza.

Mchana foleni ya walaji ilifika barabarani. Thurman akaonja wa kwanza, akafumba macho.

"Lo! Moshi huu! Shemeji, ulikuwa unatuficha siri hii miaka yote?"

"Umeungua, Thurman. Hakuna aliyekoroga."

"Acha masihara yako!" Akauchukua mwiko, akaulaza mapajani mwa Verlene, ungali na joto. "Mwakani fanya hivi hivi."

Verlene akautazama. Machozi yakamtoka mbele za watu, nao, wakidhani ni ya furaha, wakampigia makofi.