Dokta Aliyerudia Jina Lake

Juni 1997, miezi miwili baada ya wanajeshi wapya kuingia Lubumbashi, karani wa mahakama ya rufaa alikuwa bado anakata neno Zaire kwenye kila karatasi na kuandika Kongo juu yake.

Émerance aliketi mbele. Nyuma yake alikaa mama mkwe wake, Mama Mutale. Mwaka uliopita kliniki moja ya mjini ilimpasua Émerance ili ajifungue. Mtoto akafa, na kizazi kikatolewa. Kliniki ilisema kizazi kilikuwa kibovu tangu zamani. Mama Mutale aliamini hivyo: mke aliyeficha ubovu arudishwe kwao Lukafu.

Katika kesi ya kwanza, daktari mmoja, Bwalya Mwenze, aliandika kwamba kilichokosea ni kisu. Émerance akashinda. Mama Mutale hakuwapo. Alisikia jina tu, akasema:

"Bwalya Mwenze njo nani? Muntu ya kununua."

Kliniki ikakata rufaa: mtaalamu huyo hana sifa.

"Jina?" jaji aliuliza.

Dokta, aliyeitwa kutetea ripoti yake, alinyoosha shingo. "Clément Bwalya."

Wakili wa kliniki alisimama polepole. Diploma ilisema Bwalya Mwenze. Ripoti vilevile.

"Mwaka 1972 serikali ilitukataza majina ya ubatizo," dokta alieleza. "Nikachukua la babu. Serikali ile imeanguka, nimerudia langu."

"Nani alikuruhusu?"

"Si redio ilisema tuko huru?"

Watu walicheka. Jaji aligeuza diploma, akaisoma hata mgongoni.

"Basi Clément hana diploma, na Mwenze hajafika. Lete karatasi ya manispaa."

"Manispaa imefungwa, Bwana Prezida," dokta alimjibu jaji.

Émerance aliinua mkono. "Njo ye aliniangalia."

"Mama, hatuulizi nani aliangalia. Tunauliza nani alisoma."

Ripoti ikatupwa, na hukumu ya kwanza ikafutwa pamoja nayo.

Nje, Émerance aliweka kapu lake chini, kando ya ukuta. Mama Mutale alimpita, akaenda kusimama uso kwa uso na dokta.

"Clément? Ule mutoto wa Dominique, wa parokia yetu? Ule alikuwa anabeba musalaba?"

"Njo mi, mama."

"Na unasema ilikuwa kisu?"

"Kisu, mama. Kizazi yake ilikuwa nzima."

Mama Mutale alirudi ukutani. Akachukua kapu la Émerance.

"Twende ku nyumba."

Émerance alitazama mlango wa mahakama, halafu kapu.

"Nyumba gani, mama?"

"Uko nazo ngapi?"